Choo na mabomba katika matrela ya zamani ya safari: tafuta kwanza maji yanatoka wapi

Mleta uzi (Ohio)

Ndugu wanajamvi, naleta uzi huu kwa ajili ya wenzetu tulioko Marekani ambao wamenunua, au wanafikiria kununua, matrela ya safari ya miaka ya 1960 hadi 1980, yale yanayokokotwa nyuma ya gari yakiwa na vitanda, jiko na choo ndani yake. Bei yake huvutia. Hata hivyo, wengi wakishalifikisha trela nyumbani hukutana na mambo yale yale: sakafu iliyolainika kuzunguka choo, harufu isiyokwisha hata baada ya kusafisha, na maji yanayojitokeza mahali pasipoeleweka. Ushauri wa haraka wanaoupata ni kung'oa choo na kununua kipya. Naupinga ushauri huo waziwazi, kwa sababu mara nyingi choo chenyewe ndicho chenye nafuu kuliko vyote vilivyo chini na nyuma yake, na choo kipya kikifungwa juu ya sakafu iliyooza kitavuja vilevile.

Tuelewane kwanza kuhusu muundo. Choo cha trela hakina kona ya maji, yaani ule mpindo wa bomba unaobakiza maji ya kuzuia harufu, kama choo cha nyumbani. Bakuli limekaa juu ya tenki la kinyesi moja kwa moja, na katikati kuna kizibo, bapa au cha nusu duara, kinachofunguka unapokanyaga kikanyagio. Kizibo hicho kimezungukwa na mpira, na juu yake hubaki maji kidogo. Maji hayo na mpira huo ndivyo vinavyozuia hewa ya tenki isipande chumbani. Chini ya choo kuna flenji, yaani mdomo wa plastiki uliokazwa kwenye sakafu, na kati ya choo na flenji kuna mpira mwingine ulio mnene zaidi. Nyuma ya choo kuna valvu ya maji safi, pamoja na kifaa kidogo kinachozuia maji ya bakuli yasinyonywe na kurudi katika bomba la maji ya kunywa, ambacho hapa nitakiita kizuia mrejeo. Sehemu hizi nne zote zinaweza kuvuja, ila kila moja huvuja kwa wakati wake, na huo wakati ndio unaoifichua.

Kaushe eneo lote, tandaza karatasi kavu za chooni kuzunguka kitako cha choo na chini ya valvu, kisha washa pampu bila kugusa kikanyagio. Karatasi za nyuma zikilowa ilhali hakuna aliyekanyaga, valvu ndiyo mbovu, na ukiifungua utakuta ufa mwembamba kwenye plastiki yake, kazi ya maji yaliyoganda ndani katika majira fulani ya baridi. Zikilowa pale tu maji yanapoingia bakulini, shuku kizuia mrejeo. Halafu tia rangi ya chakula katika maji ya bakuli na ufungue kizibo: maji yenye rangi yakichungulia kwenye kitako, mpira wa flenji umechoka. Na ikiwa hakuna karatasi iliyolowa, lakini maji ya bakuli yanapungua taratibu mpaka yanakwisha, basi mpira wa kizibo haushiki, na hapo ndipo harufu inapopata njia.

Mpira wa kizibo usiuhukumu kabla ya kuusafisha. Maji yenye chokaa huacha magamba meupe chini ya ukingo wa mpira, mahali ambapo jicho halifiki, nayo magamba hayo hukinyanyua kizibo kiasi kidogo tu kinachotosha kupitisha maji. Mimina siki vuguvugu, iache ikae muda mrefu, kisha pitisha mswaki wa zamani chini ya ukingo huo mzunguko mzima. Nimeona mpira uliokwisha kupangiwa kutupwa ukishika maji tena baada ya magamba kutoka. Usipake mafuta ya mgando, kwa kuwa mafuta ya asili ya petroli huvimbisha na kulegeza aina nyingi za mpira. Tumia grisi ya silikoni. Iwapo mpira umekuwa mgumu kiasi cha kupasuka ukiukunja, hapo nunua mpya. Tafuta jina la muundo kwenye kibandiko au chapa iliyo nyuma ya choo, maana vyoo vya Aqua-Magic vya kampuni ya Thetford ya Michigan, ambavyo vimeenea sana katika matrela ya Marekani, vimekuwa na miundo mingi ambayo mipira yake haibadilishani.

Ikiwa tatizo ni la flenji, choo hakina budi kung'olewa. Kabla ya kufanya hivyo, mwaga tenki katika kituo kinachoruhusiwa, lisuuze mpaka maji yatoke safi, funga gesi ya kupikia kwenye mtungi, fungua madirisha yote na uvae glavu. Hewa ya tenki ina methani inayoshika moto na salfaidi ya haidrojeni yenye sumu. Tena, vigae na gundi za sakafu za miaka hiyo huenda zikawa na asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo usivipige msasa wala kuvivunja vikiwa vikavu kabla ya kupata uhakika.

Kwa kawaida choo hushikwa na boliti mbili tu zilizosimama kwenye flenji. Nati zake zikiwa zimeliwa na kutu, usizilazimishe kwa spana ndefu, kwani boliti itazunguka ndani ya mfereji wake na kuipasua flenji ya plastiki, na kazi ya saa moja itageuka kuwa ya siku kadhaa. Pitisha jino la msumeno wa chuma chini ya nati na uikate. Boliti mpya ni za bei ndogo.

Choo kikishatoka, angalia mbao kabla ya kuangalia mabomba. Chukua bisibisi nyembamba na uichomeke kwenye plaiwudi, ukianzia kwenye tundu la flenji na kuelekea nje kila upande, mpaka ufike mahali ambapo inagoma kuingia. Uozo huenda mbali kuliko doa linaloonekana, kwa sababu maji husafiri kati ya tabaka za plaiwudi huku tabaka la juu likibaki na sura nzuri. Matrela yenye ganda la alumini na choo cha nyuma yanahitaji uangalifu wa pekee. Ndani yake, ukingo wa plaiwudi ndio unaobanwa kati ya ganda na fremu ya chuma, hivyo plaiwudi ikioza, ganda na fremu huachana. Kipimo chake ni rahisi: mtu mmoja asimame kwenye bampa ya nyuma na kujirusharusha, na mwingine aangalie mahali bampa inapokutana na ganda. Fremu ikishuka huku ganda likibaki juu, weka choo pembeni kwanza, maana trela hilo halifai kukokotwa barabarani mpaka sehemu hiyo itengenezwe.

Mwisho wa sehemu hii ni urefu wa flenji. Vyoo vingi vya aina hii vinataka uso wa flenji uwe juu ya sakafu kwa kiasi cha kati ya robo inchi na chini kidogo ya nusu inchi. Ukiongeza plaiwudi mpya na kigae kipya bila kupima, flenji itazama, mpira hautabanwa, na utavuja safari ya kwanza. Pima flenji ikiwa pamoja na kigae chako, siyo kwenye mbao tupu.

Mchangiaji (Mombasa)

Ahsante sana, mkuu, kwa maelezo yaliyopangika. Mimi ni fundi bomba huku Mombasa na sijapata kufunga choo cha trela, lakini jambo moja linanisumbua. Kwetu choo kisicho na kona ya maji hakikubaliki, kwa sababu kona ndiyo inayokata harufu. Kwa nini watengenezaji wasiweke kona ndogo? Na pili, nimeona kwamba nyumba za huko Marekani hufungwa choo kwa pete ya nta. Kwa nini trela lisifungwe kwa nta hiyo hiyo, au hata kwa saruji nyembamba kama tunavyofanya huku kwenye baadhi ya vyoo?

Mleta uzi (Ohio)

Ndugu fundi, maswali yako yamegusa kiini cha kazi yenyewe. Kona ya maji inahitaji mambo matatu ambayo trela halina: maji ya kutosha kusukuma uchafu upite kwenye kona, nafasi ya kimo kati ya bakuli na tenki, na utulivu. Choo cha trela hutumia maji machache sana kwa kila mkanyago, kwa kuwa kila lita inayoingia ni lazima ibebwe mpaka kituo cha kumwagia. Na trela likipita kwenye mashimo ya barabara, maji ya kona yangerukaruka na kuiacha tupu. Ndiyo maana kazi ya kona imekabidhiwa kizibo na mpira wake, na ndiyo maana nasisitiza mpira huo utunzwe.

Nta hufanya kazi vizuri nyumbani kwa kuwa nyumba haitikisiki. Nta ikishasogea hairudi mahali pake. Katika trela, sakafu hujipinda kidogo kila gurudumu linapoingia shimoni, na wakati wa kiangazi trela lililofungwa juani hupata joto la kuilainisha nta mpaka ibonyee. Saruji nayo itapasuka kwa mtikisiko huo huo. Mpira hubonyea na kurudi. Ukikuta pete ya nta chini ya choo cha trela, ujue mtu aliyetangulia alitumia kanuni za nyumba. Ikwangue yote, ufute flenji mpaka iwe safi, kisha uweke mpira.

Kwa kuwa umetaja harufu, kuna chanzo kingine ambacho watu wengi hawakitafuti, nacho ni bomba la hewa. Tenki la kinyesi hupumua kupitia bomba la inchi moja na nusu linalopanda ukutani hadi juu ya paa. Mwisho wake wa chini unatakiwa uingie kidogo tu kwenye dari ya tenki. Katika matrela mengi ya zamani bomba hilo limepita kwenye mpira bila kutiwa gundi, na baada ya miaka ya kutikiswa huteleza kushuka ndani ya tenki. Maji yakipanda mpaka kuuziba mdomo wake, hewa haina tena pa kutokea isipokuwa chooni. Dalili yake ni kwamba harufu haipo tenki likiwa tupu, lakini likifika nusu, kila ukikanyaga kikanyagio hewa hupanda kwa nguvu na pengine hutoa povu bakulini. Mtu anaweza kubadilisha kila mpira uliomo na asipate nafuu yoyote. Dawa yake ni kupanda juu, kutoa kifuniko, kulivuta bomba mpaka mwisho wake ufike karibu na dari ya tenki, kisha kulifunga kwa kibano ili lisishuke tena. Ukiwa huko juu, mulika tochi ndani, kwa sababu nyigu hupenda sana kujenga humo.

Mchangiaji (Minnesota)

Mkuu, shukrani. Trela langu ni la mwaka 1986. Choo hakina shida, lakini bomba la plastiki la rangi ya kijivu linaloleta maji chooni linavuja kwenye viungo, na nikirekebisha kiungo kimoja kingine kinaanza. Je, niendelee kubadilisha viungo, au mabomba yote yana kasoro? Pia, huku kwetu baridi ni kali. Nifanye nini ili valvu mpya isipasuke?

Mleta uzi (Ohio)

Ndugu yangu wa Minnesota, kwa mwaka huo na kwa rangi hiyo, karibu bila shaka hilo ni bomba la polibutilini, lililotumika sana Marekani kati ya mwaka 1978 na 1995 katika nyumba na katika matrela. Klorini inayotiwa katika maji ya mjini huidhoofisha plastiki hiyo pamoja na viungo vyake kutoka ndani, hivyo bomba huonekana zima kwa nje huku limekwisha kuwa na nyufa ndogo ndogo. Mwaka 1995 kulifikiwa suluhu ya kesi ya pamoja ya wenye nyumba, na fidia iliyotengwa ilikuwa takriban dola milioni 950. Ushauri wangu ni kutohangaika na viungo. Toa mabomba yote ya kijivu na uweke PEX, yaani bomba la plastiki linalopindika, ya nusu inchi, kwa kuwa katika trela umbali ni mfupi na kazi hiyo haina gharama kubwa. PEX hukatwa kwa kisu chake, kiungo cha shaba nyeupe huingizwa, na pete ya shaba hubanwa kwa koleo maalumu. Pete ikae karibu na ncha ya bomba bila kuifikia, na kila pete uliyobana uipime kwa kipimo kinachouzwa pamoja na koleo, kwa sababu pete iliyolegea haionekani kwa macho. Usiyaache mabomba hayo mahali yanapopigwa na jua.

Wenye matrela ya zamani zaidi watakuta mabomba ya shaba. Shaba ni nzuri na inaweza kuendelea kutumika, ila itazamwe kwa makini: risasi, ile metali yenye sumu, katika viungo vya kulehemu vya mabomba ya maji ya kunywa ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1986, kwa hiyo viungo vya kabla ya hapo huenda vikawa na risasi. Bomba linalokwenda chooni pekee halina madhara hayo, lakini katika trela bomba hilo hilo kwa kawaida hutoka kwenye tawi moja na la sinki. Mimi ningelibadilisha lote, hasa penye watoto.

Kuhusu presha, usiunganishe kamwe trela la zamani na bomba la maji la kambi ya kuegesha matrela bila kidhibiti cha presha. Cha paundi 40 hadi 50 kwa inchi ya mraba kinatosha. Presha ya baadhi ya kambi huzidi hapo kwa mbali, na valvu ya choo huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuachia.

Na baridi: kumwaga tenki la maji safi hakutoshi, kwa kuwa maji yanayopasua valvu ni yale machache yaliyobaki ndani yake. Toa maji yote, kisha vuta kwa pampu kile kimiminika cha waridi cha kuzuia kuganda, propilini glaikoli, na ukanyage kikanyagio mpaka uone waridi ikiingia bakulini. Uhakika ni hapo tu. Acha kiasi chake juu ya kizibo ili mpira usikauke miezi yote ya baridi. Usitumie kabisa kile cha kijani cha rejeta za magari, ethilini glaikoli, kwa sababu ni sumu na kitapita katika mabomba unayotumia kwa maji ya kunywa.

Mchangiaji (Texas)

Hongera kwa uzi wenye faida. Tenki langu la kinyesi lina ufa karibu na mahali bomba kubwa la kutolea linapotoka, na fundi aliyeliona alilipaka silikoni, ikabanduka baada ya muda mfupi. Je, tenki la plastiki linaweza kuzibwa likakaa, na kwa gundi ipi?

Mleta uzi (Ohio)

Dada, linaweza, lakini kabla ya gundi ni lazima ujue plastiki yako ni ipi, kwa sababu dawa ya moja haishiki kwenye nyingine. Matenki mengi ya zamani ni ya ABS, aina ya plastiki ngumu, na mengine ni ya polithini. Kwangua kipande kidogo kutoka kwenye ukingo usio na kazi, kitupe katika glasi ya maji yenye tone la sabuni ili viputo visikidanganye. Kikizama ni ABS, kikielea ni polithini. Ukitaka kuhakikisha, gusa eneo lisiloonekana kwa pamba yenye asetoni: ABS italainika na kunata, ilhali polithini haitajali, nayo ukiipapasa huteleza mithili ya mshumaa.

Kwa ABS, osha na kukausha vizuri, toboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee, piga msasa eneo pana, kisha kata kiraka cha karatasi ngumu ya ABS kinachopita ufa kwa inchi moja au zaidi kila upande. Paka gundi ya ABS pande zote mbili, bandika, kandamiza, na uache siku nzima bila kuligusa. Gundi hiyo huyeyusha plastiki zikawa kitu kimoja, jambo ambalo silikoni haiwezi. Usitumie gundi ya mabomba meupe ya PVC. Kwa polithini hakuna gundi ya kuaminika; huchomelewa kwa joto na fimbo ya polithini ile ile, na hapo ningemtafuta fundi mwenye uzoefu.

Lakini, dada, jiulize pia kwa nini ufa umetokea hapo. Tenki la lita 75 likijaa hubeba uzito wa kilo 75 hivi, na uzito huo hurukaruka kila trela linaporuka. Ingia chini uangalie mikanda au sahani inayolibeba. Ikiwa imeliwa na kutu na tenki linaning'inia kwa kutegemea bomba lake la kutolea, ufa utarudi pembeni mwa kiraka hata kiwe kizuri namna gani. Anza na chuma, ndipo uzibe plastiki.

Bomba hilo la inchi tatu huishia kwenye valvu ya kuvuta yenye kisu bapa, na kwa kuwa tayari utakuwa chini, ifungue. Hushikwa na boliti nne, na kila upande wa kisu kuna mpira. Ugumu wake upo kwenye kuirudisha: mipira hujikunja ikiwa mabomba mawili hayakuachanishwa vya kutosha, na valvu mpya itavuja tangu siku ya kwanza. Legeza vishikio vya bomba kwanza ili upate nafasi, paka grisi ya silikoni kwenye mipira, ingiza valvu ikiwa imefungwa, kisha kaza boliti kwa zamu, ukivuka kutoka kona moja hadi nyingine.

Nanyi nyote mnaokaa kambini kwa muda mrefu, msiiache valvu hiyo wazi kwa kudhani mnajipunguzia kazi. Maji hutangulia kutoka, kinyesi hubaki chini ya choo na kurundikana mpaka kikauke, na hapo kulizibua tenki ni kazi nzito. Funga valvu, acha tenki lifike walau theluthi mbili, ndipo umwage.

Mkishamaliza ukarabati wowote kati ya huu, jazeni tenki maji safi mpaka karibu na juu, wekeni karatasi kavu chini ya kila kiungo, na mliache usiku kucha. Karatasi zikiwa kavu asubuhi, kokoteni trela safari fupi ya barabara mbovu likiwa na maji kiasi, kisha mkaze tena nati mbili za choo kwa mkono na robo mzunguko wa spana, si zaidi, kwa maana mpira mpya hujibonyeza kidogo baada ya mtikisiko wa kwanza.